Adabu ya Mzigo kwenye Njia ya Unyanyembe

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo ambalo leo tunaliita Tabora, akiwa na chombo ambacho wapagazi wa njia ile hawakuwahi kukihitaji: mkokoteni. Alikuwa ameutengenezesha mwenyewe. Upana wake ulikuwa inchi 18, yaani sentimita 45 hivi, ili upite kwenye vijia vyembamba. Urefu wake futi tano. Magurudumu yalitoka kwenye gari jepesi la Kimarekani. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Punda hubeba frasila nne mgongoni, kwa hiyo akivuta mkokoteni atachukua nane, na frasila nane ni mzigo wa wapagazi wanne wenye nguvu zao.

Kabla hata msafara haujafika Ugogo, masika yakiwa yamekolea na njia imegeuka tope, Stanley alimwona mmoja wa watu wake, Chowpereh, anakuja na mkokoteni kichwani. Ulikuwa mzima, na magurudumu yake, na ekseli yake, na bodi lake. Chowpereh alikuwa ameshagundua kwamba kuubeba ni kazi nyepesi kuliko kuuvuta. Stanley alikata tamaa palepale. Mkokoteni ulisukumwa hadi ndani ya matete marefu, ukaachwa humo.

Kila nikikisoma kisa hiki nafikiria toroli la supamaketi. Umeshalipa, umepakia vitu kwenye gari, toroli limebaki tupu mkononi mwako katikati ya maegesho, na mahali pa kulirudisha ni hatua 50 kutoka ulipo. Hakuna polisi atakayekukamata ukiliacha hapo, wala hakuna zawadi ukilirudisha. Chombo chenyewe si cha zamani sana: kilibuniwa mwaka 1937 na Sylvan Goldman, mwenye maduka katika mji wa Oklahoma City, Marekani. Mwaka 2020 ulisambaa mitandaoni mjadala uliodai kwamba toroli ndilo kipimo halisi cha utu. Anayelirudisha bila kulazimishwa anaweza kujitawala. Anayeliacha nyuma ya gari la mwenzake ni mtu wa kuchungwa kama mbuzi.

Mjadala ule uliendeshwa kana kwamba swali ni jipya. Sisi wa upande huu wa dunia tulikuwa nalo muda mrefu kabla ya supamaketi kujulikana. Katika karne ya 19 maelfu ya watu walikuwa wakipita kila mwaka kati ya Bagamoyo na Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, wakiwa na mali isiyo yao vichwani na mabegani. Walipita katika nchi za watawala wengi, na hapakuwa na serikali moja ya kuwasimamia njia nzima. Je, mtu hufanya nini na mzigo wa mwingine pale ambapo hakuna wa kumlazimisha? Njia ile ilikuwa na majibu yake, na mengine yanaweza kumfundisha kitu mtu aliyesimama kwenye maegesho na toroli mkononi.

Kwanza, picha ya njia yenyewe. Usidhani ilikuwa barabara. Kilikuwa kijia cha mguu mmoja mbele ya mwingine. Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu hapo Tabora, walikofika Novemba 1857. Wanyama wa kuvuta hawakudumu. Wamisionari wa London walijaribu magari ya ng'ombe katika miaka ya 1870, na ng'ombe wakafa kwa ndorobo. Kwa hiyo kila kitu kilibebwa na mtu: pembe za ndovu kutoka bara, na kutoka pwani marobota ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mpagazi aliongeza juu yake mkeka wake, chungu chake na silaha zake.

Wengi wa waliobeba walikuwa Wanyamwezi, na kwao upagazi ulikuwa kazi ya kujivunia. Wageni wa karne ile waliandika kwamba kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili. Aliyekwenda na kurudi alirudi na nguo, hadithi na jina. Hilo neno jina tulishike vizuri, maana adabu zote nitakazozieleza zinaliegemea.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Alivaa nguo nyekundu na kujipamba kichwa kwa ngozi ya mbega au manyoya, ili aonekane kwa mbali. Yeye ndiye aliyejua njia, maji yako wapi, na kambi ya leo ni ipi. Sheria moja ilikuwa wazi kwa wote: hakuna anayemtangulia kirangozi. Burton anaeleza kilichompata aliyevunja sheria hiyo. Hakupigwa wala hakusimamishwa njiani. Mshale mmoja ulichomolewa kwenye podo lake, ukawekwa. Mwisho wa mwendo wa siku mshale ule ulionyesha mkosaji ni nani, naye akatozwa faini.

Wale walioishi Ulaya wanaijua mbinu hii kwa sura nyingine. Huko toroli limefungwa kwa mnyororo mdogo, na ukitaka kulichukua unaingiza sarafu. Ukilirudisha, sarafu yako unaipata. Kiasi chenyewe ni kidogo, hakimtoshi mtu kununulia hata soda, lakini watu wenye magari ya bei mbaya huvuka maegesho yote chini ya mvua kwenda kuifuata. Sarafu na mshale vinafanya kazi ileile. Vyote viwili ni kipande kidogo cha mali yako kilichoshikwa mahali, nacho kinakukumbusha kwamba bado una deni. Tofauti iko kwenye nani anayekiona. Sarafu ni siri yako na mashine. Mshale uliochomolewa huonwa na wenzako wote watakaokaa nawe kwenye moto jioni.

Adabu ya pili ilihusu kupishana. Kijia kina upana wa mtu mmoja, na misafara miwili inakutana uso kwa uso, kila mmoja na watu mia na kitu wenye mizigo. Nani akae pembeni kwenye miiba? Burton anasema msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia. Ikiwa yote miwili ni ya Wanyamwezi, ugomvi ungeweza kuzuka, lakini pinde na mikuki iligeuzwa kuwa fimbo na bakora, na aliyepasuka kichwa hakuchukuliwa kuwa ameumizwa sana. Misafara yenye urafiki ilikuwa na njia ya kupendeza zaidi. Virangozi wawili walisogeleana kwa mwendo wa madaha, hatua moja kisha wakasimama, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Walipokaribiana waliinama ghafla, wakagonganisha vichwa kama kondoo dume. Wapagazi waliokuwa nyuma yao wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kelele na vicheko. Upande uliozidiwa ulipisha njia.

Ukiiangalia kwa haraka utaiona kama mchezo wa watoto. Lakini fikiria ilichokwepesha: watu 300 wenye silaha, waliochoka, wenye njaa, kila mmoja na sababu nzuri ya kutokukanyaga miiba. Swali la nani apishe lilihamishwa kutoka kwenye mikuki likapelekwa kwenye vichwa, na likaisha watu wakicheka. Kwenye miji ya pwani, ambako njia ni nyembamba vilevile kati ya nyumba za mawe, mwenye mzigo alikuwa na dawa nyepesi zaidi. Alipaza sauti, "Simila! Simila!", neno linalotokana na bismillahi, na aliyekuwa mikono mitupu alijibana ukutani. Kanuni ilikuwa kwamba asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Nenda maegesho yoyote Jumamosi jioni uone kama bado ipo, mama mwenye toroli lililojaa na mtoto mgongoni akisubiri magari matupu yapite.

Ya tatu ni namna ya kutua. Anayebeba kilo 32 kutwa hajali sana kuzitua. Kinachomtisha ni kuziinua tena. Ndiyo maana robota la nguo lilifungwa pamoja na vijiti virefu vilivyotokeza upande mmoja kama panda, ili lisimamishwe au kuegemezwa mtini badala ya kulazwa chini. Nguo hazikulowa, na mwenye mzigo hakuinama kuuinua. Kila fundo lilimfikiria mtu atakayekuja kuushika tena, hata kama ni wewe mwenyewe baada ya dakika kumi. Kuna methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu waliosema hivyo walijua udhaifu wa binadamu, kwamba uzito ulio juu ya kichwa kingine huonekana mwepesi kama pamba. Adabu ya njia ilikuwa jitihada ya kila siku ya kupingana na udhaifu huo.

Kisha kambi. Msafara ulipofika mahali penye maji ulijenga vibanda vya miti na nyasi, ukazungushia uzio wa miiba. Asubuhi ulipoondoka, vibanda vilibaki. Msafara uliofuata, wa watu wasiojulikana, ulivikuta na kulala humo. Hapa ndipo njia ya Unyanyembe inapofanana kabisa na maegesho. Ukishafunga mzigo wako, kibanda hakikufai tena, kama toroli tupu lisivyokufaa ukishafunga buti la gari. Unachokifanya nacho ni kwa ajili ya mtu ambaye hutamwona. Na kumbukumbu za wasafiri hazifichi: mara nyingine vibanda viliungua msafara ulipokuwa unaondoka, ama kwa uzembe wa moto ulioachwa, ama kwa makusudi tu. Kwa hiyo tusiwapake wazee wetu rangi ya malaika. Walikuwapo watunzaji, na walikuwapo wachomaji, katika msafara mmoja.

Adabu ya mwisho ndiyo inayonishangaza zaidi. Wapagazi walitoroka, na walitoroka sana. Posho ikipunguzwa, njia ikiwa na vita, mwajiri akizidisha fimbo, usiku mmoja unaamka watu kumi hawapo. Lakini mara nyingi mizigo yao ilikuwapo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeamua kuvunja mkataba alichukua vitu vyake, akauacha mzigo wa tajiri kambini au kando ya njia. Wapo waliokimbia na mzigo, na waajiri waliwalaani kurasa nzima. Hata hivyo ilifahamika kwamba kutoroka ni jambo moja na kuiba ni jambo jingine. La kwanza ni ugomvi wako na mwajiri. La pili linaharibu jina la kazi.

Kwa nini walijali? Sidhani ni kwa sababu walikuwa wema kuliko sisi. Njia ilikuwa moja. Aliyeiba robota Ugogo angepita tena Ugogo mwakani, na virangozi walijuana. Kulikuwa na utani pia. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya kuelekea pwani, ambao wengi wetu tumeukuta misibani ukigeuka vichekesho, wanahistoria wanauhusisha na safari hizi. Mtani alikupa chakula na mahali pa kulala katika nchi ya ugeni, na kwa haki hiyohiyo angeweza kukuumbua mbele za watu. Mpagazi alitembea kilomita 800 na zaidi bila polisi, lakini si kwamba hakuna aliyemjua.

Mfano mkubwa wa adabu hii unajulikana duniani, ila husimuliwa kama hadithi ya Mzungu. Mwanzoni mwa Mei 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Aliyewaajiri alikuwa amekufa. Waliokuwa naye, watu wapatao 60, wakiwamo Chuma, Susi, Jacob Wainwright na yuleyule Chowpereh aliyebeba mkokoteni, wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Waliukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewashauri wamzike palepale. Walikataa. Mbele kidogo wanakijiji walikataa maiti isipite kwao, basi wakatengeneza mzigo wa bandia wakatangaza kwamba wameurudisha mwili Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya hadi ukafanana na robota la nguo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Wanaopenda kusimulia kisa hiki husema ni uaminifu wa watumishi kwa bwana wao. Mimi naona kitu kingine. Hawa walikuwa watu wa kazi ya mizigo, na mzigo hufikishwa. Kule pwani walilipwa ujira wao wakaambiwa waende. Nishani za Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia zilikuja baadaye, wengi wao wakiwa wameshatawanyika. Aliyefikisha mzigo hakufanya hivyo kwa kutegemea nishani.

Lazima niseme pia adabu hii iliishia wapi. Njia hiyohiyo, ambayo tangu 2006 Tanzania imeiweka kwenye orodha yake ya awali ya kuombewa urithi wa dunia wa UNESCO, ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Mateka hakuwa na mkataba wa kuvunja, wala mshale kwenye podo. Hakuna aliyegonganisha naye kichwa kwa urafiki. Heshima ya mpagazi na mzigo wake ilitembea kijia kimoja na mtu aliyefanywa mzigo, na nyingine haikuizuia nyingine. Adabu ya watu wa kazi moja inaweza kuwa nzuri sana kwa walio ndani yake na ikawa kipofu kabisa kwa walio nje.

Mwisho wake haukuchelewa. Wajerumani walileta kodi ya kichwa na nyumba, na asiye na fedha alilipa kwa kazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kisha vita. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, na katika miaka ile kila upande uliwasomba watu kwa nguvu kubeba risasi na chakula, makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na magonjwa. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ndicho kilichoipa Dar es Salaam jina la Kariakoo. Mtu aliyekamatwa shambani akafungwa kamba na kutwishwa sanduku la risasi hana jina la kulinda kwenye njia ile. Akipata mwanya ataliacha sanduku popote, na nani atamlaumu? Unyamwezi ulichukua vizazi kujenga adabu ya mzigo. Kuibomoa ilitosha kumnyang'anya mbebaji haki ya kukubali au kukataa kubeba.

Ndiyo maana siukubali mjadala wa mwaka 2020 ulivyowekwa. Ulimpima mtu mmoja mmoja, huyu mwema, yule mbuzi. Njia ya Unyanyembe inaonyesha kwamba watu walewale hutunza mzigo pale wanapojua kwamba njia ni yao na watapita tena, na huutupa pale wanapoona njia ni ya mwingine. Sasa tazama supamaketi za miji yetu. Kwa nyingi kati ya hizo toroli husukumwa na kijana mwenye fulana ya duka, anayepakia vitu kwenye buti, anapewa shilingi 500 au hapewi, kisha anakusanya matoroli yote yaliyozagaa juani na kuyarudisha yakiwa yameungana kama treni. Tumelijibu swali la adabu kwa kuliajiria mtu. Na kwa kuwa yupo, tunaliacha toroli kwenye njia ya kiti cha magurudumu, tunaliacha kwenye nafasi ya gari, tukijiambia kwamba ni kazi yake.

Ni kazi yake kweli. Ila yeye ndiye mpagazi katika hadithi hii, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwona anahangaika na toroli moja lililoachwa kona ya mbali kabisa, lako likiwa bado mkononi, mpelekee. Hatua zenyewe ni 50, na mwisho wa wiki utakuwa hapo tena.